Edwina Booth hakuuawa na Afrika

Kwa karibu miaka sitini mwigizaji Edwina Booth alikuwa akifa na kufufuka katika midomo ya watu. Mara amekufa kwa malaria, mara kwa homa ya msituni isiyo na jina, mara yu hai lakini kafichwa kitandani, hainuki. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilichelewa mno kuja. Edwina alifariki dunia tarehe 18 Mei 1991 huko Long Beach, California, akiwa bibi kizee wa miaka 86, zaidi ya nusu karne tangu aiache sinema.

Uvumi huo ulikuwa na mtuhumiwa mmoja tu, Afrika. Binti mzuri wa Hollywood alikwenda porini kucheza filamu, pori likamla. Hadithi inanoga, inasimulika, na inawaacha huru watu waliokuwa kwenye ofisi za studio huko Culver City wakisaini mikataba. Ukiifuatilia safari yenyewe, kuanzia bandari ya Mombasa mpaka Maporomoko ya Murchison, unaona kwamba kilichomwangusha mwanamke huyu ni ajira mbovu. Afrika ilikuwa mahali tu alipopangiwa kazi.

Jina alilopewa na wazazi ni Josephine Constance Woodruff. Alizaliwa Provo, jimbo la Utah, tarehe 13 Septemba 1904, katika familia ya Wamormoni, na baba yake alikuwa daktari. Familia ikahamia California, na huko binti akaanza kubisha hodi kwenye studio. Jina la kazi alilojichagulia linamkumbusha Edwin Booth, mwigizaji mkubwa wa jukwaani wa Marekani wa karne ya 19. (Ndugu wa Edwin huyo, John Wilkes Booth, ndiye aliyempiga risasi Rais Lincoln mwaka 1865, kwa hiyo jina lilikuwa na uzito wa aina mbili.) Akapata vipande vidogo vidogo: kimoja katika *Manhattan Cocktail* ya mwaka 1928, filamu ya mwongozaji mwanamke Dorothy Arzner, kingine katika *Our Modern Maidens* ya mwaka uliofuata. Ukikohoa wakati anapita, umemkosa.

Wakati huo studio ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM) ilikuwa imenunua haki za kitabu kilichokuwa kikiuzwa kama maandazi ya moto. Chanzo cha kitabu hicho kilikuwa mzee aliyepita mlango kwa mlango mjini Johannesburg akiuza vyuma vya kuchomea nyama. Alipofika kwa mwandishi Ethelreda Lewis, mama huyo hakuvitaka vyuma, lakini akavutiwa na simulizi za muuzaji: jinsi alivyofanya biashara ya pembe na mpira katika Mto Ogowe akiwa kijana. Lewis akaziandika, na *Trader Horn* ikatoka mwaka 1927. Mto Ogowe uko Gabon, upande wa Bahari ya Atlantiki. Kamera zikaletwa Mombasa.

Kwa watu wa studio Afrika ilikuwa moja, na upande huu ulikuwa na vitu walivyovihitaji. Simba na twiga walikuwa wanaonekana kirahisi kwenye mbuga za wazi. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria tangu mwaka 1901. Nairobi nayo, tangu safari ya Theodore Roosevelt ya mwaka 1909, ilikuwa na biashara iliyokomaa ya kuwatembeza Wazungu wenye fedha porini, pamoja na mahema, wapagazi, wapishi na wawindaji wa kukodi.

Mwaka 1929 msafara ukashuka Mombasa. Kiongozi wake alikuwa W. S. Van Dyke, mwongozaji aliyebandikwa jina la “Woody wa mkupuo mmoja” kwa sababu hakupenda kurudia onyesho. Mpigapicha mkuu alikuwa Clyde De Vinna, ambaye angetwaa Tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, aliyekuwa na redio ya mawasiliano mizigoni. Harry Carey, bingwa wa filamu za kauboi, alicheza mfanyabiashara Horn, na mkewe Olive akapewa nafasi ya mmisionari. Kijana Duncan Renaldo akawa mwenzake Horn. Edwina, mwenye miaka 24, ndiye aliyepewa kuwa Nina, binti wa mmisionari aliyepotea utotoni, akakulia kijijini na kugeuzwa mungu wa kike.

Malipo yake yalielezwa kuwa dola 75 kwa wiki. Katika studio hiyohiyo, miaka hiyohiyo, nyota John Gilbert alikuwa na mkataba wa dola 250,000 kwa filamu moja. Msomaji mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu: kwa mshahara wake Edwina angehitaji miaka 64 kuzifikia fedha za Gilbert za filamu moja, bila kununua hata mkate. Na Gilbert hakutakiwa kulala kwenye hema kando ya Nile.

Hapo ndipo kwenye kiini cha mambo, kwa hiyo heri kutulia kidogo.

Maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni mahali ambapo Mto Nile unabanwa kwenye mwanya wa miamba wa takriban mita saba, kisha unaanguka zaidi ya mita 40. Mvuke hautulii. Chini yake mamba wamejilaza kwenye kingo kama magogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka maeneo mengi ya huko kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung’o. Kuhusu malaria, Ronald Ross alikuwa ameshathibitisha tangu mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mwenezaji. Kwa hiyo mwaka 1929 hapakuwa na fumbo lolote. Daktari yeyote wa Entebbe au Nairobi angempa mgeni maelekezo yaleyale: vaa mikono mirefu, vaa suruali, vaa kofia pana, lala ndani ya chandarua, meza kwinini. Dawa iliyotegemewa zaidi ilikuwa hiyo kwinini. Klorokwini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1934, na watu wakaizoea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Sasa tazama mavazi ya Nina. Kipande cha ngozi yenye manyoya kiunoni, nywele ndefu zilizopangwa kwa uangalifu zifunike kifua, na basi. Mikono wazi, miguu wazi, mgongo wazi. Wanaume wa Kizungu wanaokimbia naye kwenye filamu wamevaa mashati, suruali, buti na kofia. Nyuma ya kamera hali ni hiyohiyo. Mtu mmoja tu kati ya Wazungu wote wa msafara ule alivuliwa kila kinga iliyokuwa ikifahamika, naye ndiye aliyekuwa akilipwa kidogo na asiye na jina la kumwezesha kukataa.

Tena alitakiwa kukimbia. Nusu ya filamu ni kukimbizwa kwenye majani marefu. Mkulima wa Kiambu au wa Kilimanjaro aliyewahi kukata mabingobingo ya ng’ombe akiwa amevaa fulana anayajua makali yake: jani linapita mkononi taratibu, huhisi kitu, kisha jasho likiingia kwenye mikwaruzo ndipo unaposhika adabu. Huyu alipita humo karibu uchi, juani, siku baada ya siku, mbele ya mwongozaji aliyesifika kwa haraka.

Alipata malaria. Alipigwa na jua. Aliendelea kufanya kazi. Baadaye, kwenye madai yake mahakamani, alieleza kwamba alilazimishwa kuota jua akiwa uchi kwa muda mrefu ili ngozi yake ifanane na ya mtu aliyekulia porini, na kwamba hakupewa nguo wala ulinzi wa kutosha.

Wapo watakaosema alikwenda kwa hiari yake, tamaa ya umaarufu ilimpeleka, na kila mtu kwenye msafara ule alihatarisha maisha. Kuhusu hiari, msichana wa dola 75 aliyepewa nafasi ambayo maelfu wangeililia hana nguvu ya kumwambia mwongozaji “leo nina homa, sitoki hemani.” Chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani kilianzishwa mwaka 1933. Mwaka 1929 hakikuwapo cha kukimbilia.

Kuhusu kuhatarisha maisha, hapo ni kweli, na wapo waliolipa zaidi ya Edwina. Taarifa za upigaji ule zinataja Waafrika wawili waliokufa kazini. Mmoja alianguka mtoni akachukuliwa na mamba. Mwingine alishambuliwa na kifaru mbele ya kamera, na inaelezwa kwamba picha hizo zilitumika ndani ya filamu. Yaani mtu alilipa kiingilio cha ukumbini kule Chicago akala bisi akitazama kifo halisi cha mtu wa huku, akidhani ni ufundi. Majina ya watu hao wawili hayamo kwenye orodha ya washiriki.

Mwafrika aliyepata kuonekana vizuri ni Mutia Omoolu, Mkenya aliyecheza Renchero, msaidizi wa Horn. Wasomaji wa Machakos na Kitui watalitambua mara moja jina la Mutia. Hakuwa mwigizaji wa kazi, lakini mtazame anavyosimama: hana papara, hakodoi macho, hafanyi vichekesho vya kuwafurahisha Wazungu kama Hollywood ilivyozoea kuwataka watu weusi wafanye. Kamera inamheshimu hata pale mwandishi wa filamu alipokuwa hamheshimu. Msafara uliporudi Marekani ikaonekana picha nyingi zina kasoro, na sauti, ambayo sinema zilikuwa zimeanza kuidai tangu *The Jazz Singer* ya mwaka 1927, ilihitaji kazi upya. Ikabidi Mutia na mwenzake Riano Lindami wapandishwe meli mpaka California ili marudio yapigwe huko. Mapigano ya wanyama, kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, yalipelekwa kupigwa Mexico ili kuikwepa sheria ya Marekani ya kuwalinda wanyama. Sheria ya kumlinda mnyama, basi, ilikuwapo na ilikuwa inaogopwa.

*Trader Horn* ilitoka mwaka 1931 na ukumbi ukajaa. Ilikuwa moja ya filamu kubwa za kwanza za kuigiza ambazo studio ya Hollywood ilizipiga ndani ya Afrika, na ikateuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya filamu bora, ingawa ushindi ulikwenda kwa *Cimarron*. Ni filamu yenye dharau nyingi. Inaamini kwamba mwanamke mweupe akiangukia katikati ya Waafrika, hata akiwa mtoto, lazima ataishia kuabudiwa. Nina anaingia kwa ukali, anawachapa watu mjeledi, nao wanajikunyata. Hakuna sababu ya kumgeuza Edwina Booth kuwa malaika. Aliushika mjeledi huo, na picha hiyo ya uongo kuhusu watu wetu ilizunguka dunia ikiwa na sura yake. Mtu anaweza kuwa chombo cha dhuluma moja na mhanga wa nyingine kwa wakati mmoja.

Kwa miezi kadhaa alikuwa nyota. Kisha mambo yakaanza kumgeuka kwa mfululizo. Mke wa Duncan Renaldo alimshitaki kwa madai kuwa amemnyang’anya mapenzi ya mumewe, na magazeti ya udaku yakafanya sherehe. Filamu kubwa hazikuja tena. Studio ndogo ya Mascot ikampa kazi kwenye sinema za mfululizo, zile za sehemu 12 zinazoonyeshwa moja kila wiki kabla ya filamu kuu: *The Vanishing Legion* mwaka 1931 na *The Last of the Mohicans* mwaka 1932, zote pamoja na Harry Carey. Ukizitazama leo unamwona amekonda, anajitahidi. Mwaka huo wa 1932 akaonekana mara za mwisho kwenye kioo. Alikuwa na miaka 28.

Ugonjwa ulimweka kitandani kwa vipindi virefu. Inaelezwa kwamba ilimchukua miaka sita kupona sawasawa. Aliishitaki MGM akidai zaidi ya dola milioni moja. Hapa tukumbuke MGM ilikuwa nini: studio iliyoweza kumjenga mtu kwa wiki moja na kumzika kwa nusu saa, yenye idara nzima ya kupanga habari gani zitoke gazetini. Binti asiye na kazi, anayeumwa, akasimama kupambana na mlima huo. Kesi ilizua kelele kubwa, studio ikachafuka, na mwishowe wakamalizana nje ya mahakama kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Kwa mwaka wowote ule, hilo ni jambo la ujasiri. Katika miaka ya thelathini, kwa mwanamke aliyekuwa akilipwa dola 75, ni jambo ambalo historia ya haki za wasanii ingepaswa kulitaja kwa jina lake.

Walioshuka naye Mombasa waliendelea na safari zao. Van Dyke alitumia picha zilizobaki za *Trader Horn* kupambia *Tarzan the Ape Man* ya mwaka 1932, kisha akatengeneza *The Thin Man* na kuwa mmoja wa waongozaji wa kutegemewa wa studio. Carey aliteuliwa kuwania Oscar kwa *Mr. Smith Goes to Washington* ya mwaka 1939. Renaldo alifungwa kwa udanganyifu wa pasipoti, akasamehewa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1936, na miaka ya hamsini watoto wa Marekani wakamshangilia kwenye televisheni kama Cisco Kid. Hata mfungwa alirudi kioo kikamkubali. Aliyethubutu kudai fidia ndiye aliyegeuzwa marehemu.

Mfano wa kupimia upo, tena kwenye maji hayohayo. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja Uganda na Congo kupiga *The African Queen*, na sehemu ya kazi ikafanyika karibu na Maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba. Mwigizaji mkuu Katharine Hepburn akaugua vibaya tumbo la kuhara, huku mwenzake Humphrey Bogart akijisifu kwamba whisky ndiyo iliyomkinga. Joto lilikuwa lilelile, na mbu walikuwa wajukuu wa wale wa 1929. Lakini Hepburn alikuja akiwa tajiri, mwenye jina, mwenye Oscar nyumbani, na mwenye magauni marefu mpaka shingoni kwa sababu nafasi yake ilikuwa ya dada wa mmisionari. Akarudi, akateuliwa tena, na mwaka 1987 akaandika kitabu kizima cha kuchekesha kuhusu taabu za safari ile. Nchi ni moja. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi zilizosainiwa na kwenye urefu wa gauni.

Kuhusu maisha ya Edwina ya baadaye hakuna mengi ya kusimulia, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Aliolewa, akafiwa na mume, akaolewa tena. Alirudi kwenye dini ya wazazi wake na kutumika katika hekalu la Wamormoni la Los Angeles. Hakupenda kuizungumzia sinema. Watu waliendelea kuulizana kama Nina alikufa Uganda au melini, naye yupo California.

Hapa Afrika Mashariki tumezoea kuhesabu filamu za kigeni zilizopigwa kwetu kuanzia *Hatari!*, ile ya John Wayne na vifaru wa Arusha iliyotoka mwaka 1962, au kuanzia *Out of Africa* ya mwaka 1985. Tume ya Filamu ya Kenya inawakaribisha watengenezaji wa nje, Uganda na Tanzania nazo zinawataka, na ni haki yao, kazi inaleta fedha. Lakini mazungumzo hayo husikika zaidi yakigusa mandhari, vibali na punguzo la kodi. Ni mara chache yanagusa bima ya kijana anayesimamishwa mtoni kushika taa, au mkataba wa mama anayeitwa kwa siku moja kucheza “mwanakijiji.” Wale wawili waliokufa wakati wa kupiga *Trader Horn* walikuwa watu wa namna hiyo hasa.

Kwa sheria ya Marekani, hakimiliki ya filamu za mwaka 1931 inakoma tarehe 1 Januari 2027. Kuanzia siku hiyo, kwa sheria hiyo, *Trader Horn* inakuwa mali ya yeyote mwenye kioo na projekta. Tamasha la filamu la Zanzibar, kumbi za Nairobi na vyuo vya sanaa vya Kampala vina muda wa kujiandaa: waionyeshe filamu hiyo huku ilikopigwa, yote pamoja na mjeledi wake na kifaru wake, na kwenye kipeperushi cha mlangoni waandike kwanza Mutia Omoolu, kisha Riano Lindami, kisha Edwina Booth. Majina ya wakubwa yameshaandikwa vya kutosha. Na kama kuna familia Ukambani iliyotunza picha au simulizi ya ndugu aliyepelekwa Hollywood mwaka 1930, Nyaraka za Kitaifa ziko katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya.